Skrubu iliyokatikia kwenye fimbo ya gofu: njia ya kuanza nayo na njia ya kuiacha mwisho

Mpwa wangu ni kedi, anabeba mifuko ya wachezaji wa gofu huko Moshi. Alipokuja Tanga kusalimia alipitia kwanza kwenye banda langu Ngamiani kabla hajafika kwa mama yake, na mkononi alikuwa na draiva, ile fimbo ya gofu ya kupigia mbali, iliyofungwa kwenye kanga.

"Shikamoo mjomba. Nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba. Mfungue tumwone."

Wagonjwa walikuwa wawili. Fimbo moja, skrubu mbili zilizokatika. Ya kwanza ni ile ndefu inayoingilia chini ya kichwa na kukamata mpini. Ya pili ni ya kipande cha uzito kilichofungwa kwenye kitako cha kichwa, upande wa nyuma. Mchezaji mmoja alimpa fimbo hiyo baada ya kununua mpya, naye akataka kubadili pembe na kuhamisha uzito. Hakuwa na ufunguo wake, akaazima ufunguo wa kawaida kwa fundi baiskeli. Skrubu ya mpini ilikatika akiwa anakaza. Ya uzito ilikatika akiwa anafungua.

Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, kwa sababu jibu hilo ndilo linaloamua njia. Kazi yangu ya kila siku ni cherehani na injini za boti za wavuvi, na skrubu zilizokatika nimezitoa kwa miaka mingi kwenye vyuma vikubwa kuliko kichwa cha gofu. Watu hukimbilia kuuliza ni kifaa gani kinunuliwe. Mimi nauliza kwanza ilikatikaje, halafu imefungwa ndani ya nini.

Ilikatika ukikaza, ukifungua, au yenyewe?

Skrubu ikikazwa huvutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaozibana hesi zake dhidi ya hesi za tundu. Kichwa chake kikikatika, mvuto unakwisha papo hapo. Kisiki kinachobaki ndani hakibanwi tena na kitu. Kama tundu ni safi na hakuna gundi wala kutu, kisiki hicho kinaweza kuzunguka kwa ncha ya sindano. Hii ndiyo hali ya skrubu iliyokatika wakati wa kukaza, na ndiyo hali nzuri kuliko zote. Inaumiza moyo ukiiona jioni kwenye banda la mtu ambaye tayari ameshaitoboa vibaya.

Iliyokatika wakati wa kufungua ni habari nyingine. Hapo kuna kitu kilichoishika: kutu, chumvi, au gundi ya nati, ile inayopakwa kwenye hesi ili zisilegee. Kukatika kwa kichwa hakukukipunguza kitu hicho hata chembe. Kisiki kimekaa kilivyokaa, na nguvu iliyoshinda skrubu nzima ndiyo inayokungoja.

Ya tatu ni ile iliyokatika yenyewe wakati wa kupiga mpira. Mara nyingi ilikuwa imelegea. Skrubu iliyolegea hupinda kidogo kila pigo mpaka chuma kinachoka. Ukiangalia uso wa mkatiko utaona sehemu laini iliyoanza kupasuka zamani na sehemu ndogo yenye chembechembe iliyokatika mwisho. Kisiki cha namna hii nacho huwa chepesi kutoka.

Kabla ya yote hayo, chukua tochi na kioo cha kukuzia. Unga mweupe pembeni mwa kisiki ni aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Kwetu pwani hili ni la kawaida, kwa sababu aluminiamu na chuma vikigusana palipo na unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayolika. Wekundu ni kutu. Ukiona kitu kama plastiki ya bluu au nyekundu kwenye hesi, hiyo ni gundi ya nati. Pitisha na sumaku pia. Skrubu ikivutwa, mara nyingi ni chuma cha kawaida. Isipovutwa huenda ni chuma cha pua, titani au aluminiamu, na hilo litakuwa na maana mbele tutakapofika kwenye shabu.

Kisiki cha kwanza cha mpwa wangu, kile cha mpini, kilikuwa ndani ya slivu. Slivu ni kile kikopo kidogo cha aluminiamu kilichogundishwa kwenye ncha ya mpini, ambacho ndicho kinachoingia kwenye shingo ya kichwa. Skrubu inapita chini ya kichwa na kuingia kwenye hesi za slivu. Ikikatika katikati, mpini unachomoka na kisiki kinabaki kwenye ncha ya slivu, si ndani ya kichwa. Wengi hawalijui hili, wanatoboa kichwa bure.

Nilikisukuma kisiki hicho kwa ncha ya sindano ya cherehani, kinyume na saa, kidogo kidogo kikisogea kama jino la mtoto. Dakika tano, kikatoka. Mpwa wangu alifungua mdomo. Alikuwa amekuja na wazo kwamba lazima tununue izi-auti, kile kifaa cha kuchomolea skrubu zilizokatika.

Mafuta au joto

Hivi viwili watu huviweka pamoja kama ndugu, lakini haviponyi ugonjwa mmoja. Mafuta ya kupenya hufaa kutu na chumvi. Hayana la kufanya na gundi ya nati. Unaweza kuiloweka wiki nzima na gundi ikabaki ilivyo. Joto hufaa gundi, na husaidia kutu pia kwa sababu chuma hutanuka na kupasua ule ukoko.

Kwa mafuta, kopo la dawa ya kupenya kutoka duka la vifaa linatosha. Mafundi wengi huchanganya wenyewe asitoni na mafuta ya gia ya otomatiki nusu kwa nusu, na mchanganyiko huo hupenya vizuri sana, ila asitoni hubabua rangi ya kichwa na hushika moto kwa mbali. Kwenye fimbo ya gofu yenye rangi na nembo mimi siutumii. Tone moja la dawa ya kawaida, kichwa kimegeuzwa ili mafuta yashuke kwenye kisiki, kisha ukiache mpaka kesho. Usiku mmoja wa kusubiri una kazi kubwa kuliko nusu saa ya kugonga.

Kwa joto, swali ni kiasi gani na wapi. Gundi ya bluu hufunguka kwa spana ya kawaida ya mkono, na joto dogo huirahisisha. Ile nyekundu huhitaji kama nyuzijoto 250 ndipo ilegee. Hapo gofu inatofautiana kabisa na injini ya boti. Kwenye injini nawasha tochi ya gesi bila wasiwasi. Kwenye draiva, kofia ya juu ya kichwa mara nyingi ni nyuzi za kaboni zilizogundishwa, na gundi ya kushikia slivu kwenye mpini huanza kulegea kwenye joto la kuzunguka nyuzijoto 100. Ukiwasha tochi ya gesi utakuwa umetoa skrubu na kubomoa fimbo.

Kinachofaa ni chuma cha kulehemu, kile cha fundi redio. Unakigusisha ncha yake juu ya kisiki chenyewe, dakika moja au mbili, joto linaingia kwenye kisiki kabla halijasambaa. Ukikiondoa, jaribu kuzungusha mara moja. Weka kidole kwenye rangi iliyo karibu; kidole kikishindwa kuvumilia, acha kipoe kwanza. Kati ya mafuta na joto, kama sijui kilichoshika ni nini, naanza na mafuta kwa sababu hayaharibu. Joto linafuata. Ila usiwashe chuma cha kulehemu hali mafuta bado yanang'aa pale. Yafute kwanza.

Kisiki kilichochomoza

Kama milimita mbili au zaidi zimebaki nje, una bahati. Njia tatu zinashindana hapa.

Koleo ya kujifunga, ile inayokaza na kubaki imekaza, ndiyo ya haraka. Inafaa kisiki kilichochomoza vizuri na kisichoshikwa sana. Ubaya wake ni kwamba ikiteleza hukipondaponda kisiki kikawa mviringo, na mara ya pili haina pa kukamata. Kaza mara moja, kwa nguvu, upande ulio mkubwa.

Kukata mfereji kwa msumeno mwembamba au diski ndogo, kisha kuingiza bisibisi bapa, ni njia safi zaidi, na hata kisiki kilicho sawa na uso wa tundu chaweza kukatwa mfereji kama pembeni pana nafasi. Kwenye kichwa cha gofu pembeni hapana nafasi. Kipande cha uzito hukaa kwenye kishimo, na diski ikiingia kwenye kishimo inakata ukingo wake. Nimeona kichwa kilichokatwa namna hiyo: skrubu ilitoka, lakini kipande kipya cha uzito hakikukaa tena sawasawa.

Kuchomelea nati juu ya kisiki ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwenye injini za boti. Unaweka nati juu, unajaza katikati kwa weldingi, joto lenyewe linavunja ukoko wa chumvi na umepata kichwa kipya cha kushika spana. Weldingi ya chuma haishiki kwenye aluminiamu ya bloku, kwa hiyo hata kisiki kilichozama kidogo chaweza kujazwa kwenda juu. Bolti za milimita 8 na 10 nimezitoa hivyo nyingi. Kwa fimbo ya gofu njia hii sahau. Skrubu zake ni nyembamba, nyingi za milimita 5 au karibu na hapo, tundu lake laweza kuwa la titani, na chuma kikiyeyukia kwenye titani kiungo kinachotokea ni cha kuvunjika kama kigae. Sijazungumzia bado rangi na kaboni.

Wapo wanaogundisha nati kwa gundi kali badala ya kuchomelea. Kwa kisiki kilicholegea inafanya kazi. Lakini kisiki kilicholegea sindano pia inakitoa, na sindano haidondoshi gundi kwenye hesi.

Biti ya kushoto na izi-auti

Hapa ndipo ubishi ulipo, na hapa ndipo fedha za watu zinapopotea.

Izi-auti inajulikana na kila mtu. Ni kipini cha chuma kigumu chenye hesi za kinyume, umbo lake kama karoti. Unatoboa kisiki katikati, unaingiza izi-auti, unazungusha kinyume na saa, inajikaza ndani ya tundu na kukitoa kisiki. Seti zake zinauzwa kila mahali, kuanzia ndogo mpaka kubwa.

Biti ya kushoto ni biti ya drili ya kawaida kwa umbo, ila imekatwa kinyume. Inatoboa drili ikiwa kwenye rivasi. Kwa hiyo wakati unatoboa, nguvu yote unayoweka inakisukuma kisiki upande wa kufunguka. Mtikisiko na joto la kutoboa vinasaidia. Mara nyingi kabla hujafika nusu ya kina unachotaka, biti inakwama kwenye chuma, na badala ya kukatika, kisiki kinaanza kupanda nayo.

Sasa zipime kwa skrubu ya milimita 5, ile ya hesi za 0.8, yaani zilizoachana kwa milimita 0.8. Kiini chake, ukiondoa hesi, kina upana wa kama milimita 4. Ili uingize izi-auti ndogo unatoboa tundu la kama milimita 2.5. Ncha ya izi-auti itakayoingia humo ni nyembamba kuliko skrubu yenyewe. Fikiria: skrubu ya kiini cha milimita 4 ilikatika kwa sababu kitu kimeishika, halafu unataka kijiti chembamba zaidi kuishinda nguvu hiyohiyo. Tena izi-auti ikijikaza inapanua kisiki kwenda nje, kinazidi kubana ukuta wa tundu. Kwa skrubu ndogo iliyoshikwa, unaongeza ugonjwa unaotaka kuutibu.

Ikikatika ndani, umefika pabaya hasa. Chuma chake ni kigumu kuliko biti ya kawaida. Biti ya kawaida itateleza juu yake na kula aluminiamu ya pembeni. Inabidi utafute biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, au kijiwe cha almasi kama vya daktari wa meno, na usage polepole mpaka kivunjike vipande. Karakana kubwa zina mashine za kuchoma chuma kwa cheche za umeme zinazoweza kukila bila kugusa kuta, lakini gharama ya kazi hiyo kwa fimbo iliyotumika haina maana. Lilinitokea miaka ya mwanzo, kwenye kabureta ya injini ya mvuvi mmoja. Kisiki kilikuwa cha milimita 4. Nilikuwa na haraka kwa sababu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu akingoja maji ya kutokea. Izi-auti ilikatika kwa mlio mdogo kama wa kijiti cha kiberiti, na kabureta haikupona. Nilimlipa. Tangu siku hiyo izi-auti zangu chini ya namba ya milimita 6 zimekaa kwenye boksi.

Simaanishi kwamba izi-auti haifai kabisa. Kwa bolti ya milimita 8 kwenda juu, iliyokatika ikikazwa, ni kifaa kizuri na cha haraka. Kwa kisiki kilicholegea lakini kimezama mahali sindano haifiki, nayo inasaidia, kwa sababu hapo haidaiwi nguvu. Ni ule mchanganyiko wa udogo na kushikwa ndio unaoiua.

Biti ya kushoto nayo ina masharti yake. Haipatikani kila duka. Zangu niliagiza Kariakoo. Inataka drili yenye rivasi inayokwenda polepole bila kusitasita. Na juu ya yote inataka katikati ya kweli. Rudi kwenye hesabu: kiini milimita 4, tundu milimita 2.5, ukuta unaobaki ni robo tatu ya milimita kila upande. Ukihama katikati kwa kiasi hicho tu, umeshaingia kwenye hesi. Uso wa kisiki huwa na vilima na mabonde, na biti hupenda kuteleza kwenye bonde. Kwa hiyo kwanza nausawazisha kwa kijiwe kidogo cha mviringo, ndipo natia alama ya kati kwa senta panchi, kile kijiti cha chuma chenye ncha kinachogongwa kwa nyundo. Kwenye kichwa cha gofu nagonga kwa mkono mwepesi mno, kwa sababu kichwa ni kitupu ndani na kuta zake ni nyembamba.

Kukishika kichwa nako ni kazi. Usikiweke kwenye jiriwa tupu. Mimi hukizungushia mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mji huu hauna uhaba nao, halafu nakilaza kwenye mfuko wa mchanga na kukifunga kwa mkanda. Drili ya mezani ni bora kuliko ya mkononi. Kama huna, mtu wa pili asimame pembeni akuangalie kama biti imesimama wima, kwa sababu wewe unayetoboa huuoni mwinamo wa kulia na kushoto.

Paka grisi kwenye biti. Grisi hushika vumbi la chuma lisidondoke ndani ya kichwa. Chembe moja ikiingia, fimbo italia kama kayamba kila ukiipiga. Kama tundu ni la titani, nenda polepole sana na mafuta ya kukatia ya kutosha: titani haipitishi joto vizuri, joto lote linabaki kwenye makali ya biti, na vumbi lake laini hushika moto. Likishika, mwagia mchanga mkavu, si maji. Kama tundu ni la aluminiamu, mafuta ya taa yanatosha kabisa kulainisha.

Kisiki cha pili cha mpwa wangu kilikuwa kimeshikwa na gundi ya bluu na unga mweupe kidogo. Nilikitia dawa ya kupenya usiku, asubuhi nikakifuta na kukigusisha chuma cha kulehemu, sindano ikashindwa. Nikaanza na biti ya kushoto ya milimita 2. Hakikutoka. Nikapanda mpaka 2.5. Ilipofika kama milimita 3 kwenda chini, biti ikakamata, kisiki kikazunguka nusu duara, kikasimama, kisha kikaja chote. Mpwa wangu alikuwa amemulika tochi muda wote huo bila kusema neno.

Shabu

Njia hii inawashangaza watu, na dawa yake inauzwa sokoni pamoja na uvumba. Shabu ile ile ya kusafishia maji, ikiyeyushwa kwenye maji ya moto mpaka maji yashibe, hula chuma polepole na kuacha shaba. Mafundi wa saa wameitumia kutoa skrubu za chuma zilizokatikia kwenye sahani za shaba. Aluminiamu nayo huvumilia, ingawa hupoteza mng'aro. Unaiweka sehemu nzima kwenye maji hayo yakiwa moto, unaongeza maji yanapopungua, na baada ya saa kadhaa au siku kisiki kimekuwa tope jeusi.

Uzuri wake ni kwamba haina nguvu wala kutoboa, na hesi zinabaki salama. Kwa sehemu ndogo za shaba kwenye cherehani za zamani nimeitumia na nikaridhika. Kwa gofu ina mipaka miwili mikubwa. Chuma cha pua hakiliki vizuri, na titani hailiki, ndiyo maana nilisema pitisha sumaku. Tena kichwa cha fimbo huwezi kukichemsha. Maji yataingia ndani na gundi zitalegea. Ingefaa kwa slivu iliyotolewa kwenye mpini. Lakini ukishafika hatua ya kuitoa slivu, kuna swali lingine.

Kutoboa yote, au kubadili slivu

Slivu ni kipuri. Inauzwa peke yake, ilimradi uchukue ya kampuni ileile na mfano uleule wa kichwa, kwa sababu za kampuni mbili hazikubaliani. Kuitoa ni kuipasha joto taratibu na kuivuta moja kwa moja bila kuizungusha, maana ukizungusha mpini wa kaboni unazipasua nyuzi zake. Kwa hiyo kisiki kikikataa ndani ya slivu, sioni sababu ya kupigana nacho siku mbili. Linganisha bei ya slivu na siku zako mbili.

Kichwa hakina bahati hiyo. Tundu la kichwani likiharibika, kichwa kimeharibika. Ndiyo maana ubishi wote wa biti na izi-auti una uzito zaidi kule kwenye kipande cha uzito kuliko kwenye mpini.

Biti ya kushoto ikishindwa, hatua inayofuata ni kukila kisiki chote. Unapanda biti moja baada ya nyingine mpaka milimita 4.2, ambayo ndiyo kipimo cha kutobolea tepu, kifaa cha kuchongea hesi ndani ya tundu, ya milimita 5 yenye hesi za 0.8. Kama ulikuwa katikati kweli, kinachobaki ni ule uzi wa hesi za kisiki, mwembamba kama springi ya kalamu. Unauvuta kwa koleo ya ncha kali, kisha unapitisha tepu kusafisha. Kama ulikuwa umehama, biti ya 4.2 itakula upande mmoja wa tundu. Hapo kuna springi za kurudishia hesi; ya milimita 5 hutobolewa tundu la 5.2, inapigwa tepu yake maalumu, springi inaingizwa na skrubu ya kipimo kilekile inarudi. Kwenye bloku ya injini ni kazi ya kawaida. Kwenye kichwa cha gofu ipime kwanza nyama iliyobaki kuzunguka tundu, kwa sababu watengenezaji huipunguza makusudi kutafuta wepesi. Kati ya hizo mbili, kutoboa mpaka 4.2 naifanya nikiwa na drili ya mezani tu. Kwa drili ya mkononi sijaribu hata mteja akinibembeleza.

Kufunga skrubu mpya

Ufunguo wa fimbo hizi una ncha ya nyota yenye pembe sita, mara nyingi namba 25, na umetengenezwa kulia "ka" ukifika kipimo chake. Kipimo kilichozoeleka ni inchi-pauni 40, yaani kama nyutoni-mita 4.5. Ili mpwa wangu auelewe udogo wake, nilichukua spana yenye mkono wa sentimita 23 na kutundika mfuko wa unga wa kilo 2 kwenye ncha yake. Ni huo tu. Mkono wa mtu mzima kwenye ufunguo mrefu wa fundi baiskeli unapita hapo bila kuhisi chochote, na ndivyo ile ya kwanza ilivyokatika.

Skrubu mpya ya uzito alitaka kuinunua kwenye duka la bolti hapa Ngamiani. Hesi zingekubali, lakini nilimzuia mpaka tupime urefu. Ile ya zamani nilivipanga vipande vyake viwili mezani na kuvipima pamoja kwa kaliparo. Skrubu ndefu kwa milimita moja tu hugonga mwisho wa tundu kabla haijakaza kipande cha uzito. Unahisi imekaza, kumbe uzito unacheza, na baada ya mapigo kadhaa inakatika yenyewe. Amevichukua vipande vile kwenye kibiriti kitupu, aende navyo Moshi akatafute ya urefu huohuo, na ufunguo wake.

"Na ukishafunga," nilimwambia, "kitingishe kichwa cha fimbo sikioni kabla hujapiga."

Alikitingisha palepale, na hakikulia.